Muulize Mwalimu: Jina la Babu au Jina la Kisasa?

Barua tatu za safari hii zote zinahusu majina ya watoto. Nimefundisha darasa la kwanza hadi nikastaafu, kazi inayoanza kila asubuhi kwa daftari la mahudhurio, kwa hiyo hapa nina maneno.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina ujauzito wa kwanza, wa miezi saba, na tumeambiwa ni mvulana. Baba mkwe anaitwa Yakobo na ukoo mzima unasubiri mtoto arithi jina. Mimi na mume wangu tulishachagua Jayden. Ni la kisasa na hatumjui mtoto mwingine mwenye jina hilo. Yakobo naliona la kizee, mtoto atachekwa. Nifanyeje bila kumvunjia mzee heshima?
*Mama Kijacho*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na Mungu akujalie ujifungue salama.

Tuanze na hilo la "kizee", maana barua yako yote imeegemea hapo. Marekani, ambako wasaka majina ya kisasa wengi huchungulia, serikali hutangaza kila mwaka majina waliyopewa watoto, na takwimu zake zinarudi nyuma hadi 1880. Zifungue uone: kuanzia 1999 hadi 2012, jina lililoongoza kwa wavulana mfululizo ni Jacob. Ndiyo, Yakobo huyohuyo wa baba mkwe wako. Na lililoling'oa mwaka 2013 ni Noah, yaani Nuhu wa safina. Kama kuna jina la kizee kuliko Nuhu, mimi sijakutana nalo.

Jayden sasa. Lilipanda kwa kasi pamoja na wenzake Aiden, Brayden na Hayden, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 zaidi ya theluthi moja ya wavulana waliozaliwa Marekani walikuwa na majina yanayoishia na herufi n. Kila mzazi aliamini kachagua la peke yake. Baada ya hapo Jayden likaanza kushuka. Mimi nimewahi kuwa na darasa la namna hiyo: ukiita Jayden wanasimama wawili, Aiden naye anaitika kutoka nyuma kwa kudhani kaitwa yeye. Hujamjua Jayden mwingine kwa sababu huna mtoto shuleni. Subiri kidogo.

Nimeona jambo moja kuhusu ladha ya majina. Majina ya rika la wazazi wetu hatuyataki, kwa sababu tunawajua wenye nayo: huyu alitukopa, yule alituchapa. Ya mababu wa mababu tunayapenda, maana wenyewe hawapo tena wa kutuudhi. Ndiyo maana Uingereza jina Arthur, lililovuma enzi za Malkia Victoria na baadaye likaonekana la vikongwe, limerudi kwenye kumi bora. Yakobo la baba mkwe wako linakukera leo kwa sababu unamwona mwenye nalo kibarazani. Mwanao hatalisikia hivyo.

Kuhusu kuchekwa, hakuna mzazi anayeweza kuziba mdomo wa kesho. Alexa lilikuwa jina zuri tu la kike. Mwishoni mwa 2014 kampuni moja ikakipa jina hilo kifaa cha kuamrishwa kwa sauti, na wasichana wenye jina hilo wakaanza kuamriwa na wenzao wazime taa. Marekani wazazi wakalikimbia mwaka hadi mwaka. Nani angelijua?

Hata hivyo, usidhani kumrithisha mtoto jina la babu aliye hai ndiyo heshima duniani kote. Wagiriki wengi hufanya hivyo. Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki huepuka kumpa mtoto jina la ndugu aliye hai. Hivyo hutakuwa umetenda dhambi ukikataa. Ungeniuliza mimi, Yakobo lingeandikwa kwenye cheti na Jayden likabaki la kuitwa nyumbani mpaka mtoto mwenyewe achague. Lakini lolote mtakaloamua, mumeo ndiye akazungumze na baba yake. Wewe usiende peke yako kwa mzee na habari hizo, hata kidogo.

SWALI: Mwalimu, tumekubaliana binti aitwe Catherine, ila mke wangu anataka tuandike Kathrynn ili awe wa pekee. Mimi nasita.
*Baba Mtarajiwa*

JIBU: Endelea kusita, ndugu yangu. Mwalimu akiita mahudhurio, Catherine na Kathrynn ni mtu mmoja, sikio halioni herufi. Atakayeziona ni karani, naye atazikosea. Cheti cha kuzaliwa kitakuwa na n mbili, cha shule moja, pasipoti ije na e mwishoni, na binti atazunguka maofisini kuthibitisha kwamba wote hao ni yeye.

Zaidi ya hayo, upekee siku hizi ni wa bure. Mwaka 1880 Marekani, kati ya wavulana 100 wanane waliitwa John. Sasa hata jina linaloongoza halipati wawili kati ya 100. Ziko nchi zingewaamulia ugomvi wenu: Iceland ina kamati tangu 1991 inayopima kama jina jipya linafuata sarufi na tahajia ya lugha yao. Ufaransa ililegeza sheria yake mwaka 1993, lakini mahakama bado inaweza kuingilia, na mwaka 2014 ilikataa mtoto aitwe Nutella, jina la chokoleti ya kupaka mkate. Kwa hilo niliwapigia makofi.

SWALI: Nilimnong'oneza dada yangu kwamba nikipata binti nitamwita Olivia. Amejifungua kabla yangu, na kamwita Olivia! Hatusemeshani. Je, nimekosea kukasirika?
*Mdogo Mtu*

JIBU: Hasira yako naielewa, ila madai yako hayana miguu. Olivia lilishika namba moja England na Wales mwaka 2016, Marekani likafuata mwaka 2019, na kwa miaka kadhaa halikung'oka kote kuwili. Dadako hakuhitaji kukuibia, huenda naye alilibeba moyoni tangu zamani akanyamaza tu.

Bado unalitaka? Mpe wako. Watakuwa Olivia mkubwa na Olivia mdogo, familia nyingi zina hao. Ila nenda kwanza ukamwone mtoto, tena kabla hajaanza kukaa, na siku hiyo la jina usilitaje.