Jibu: Picha za kubandika kwa watoto wa miaka 5
Dada, umeuliza watoto waanzeje kutengeneza picha za kubandika (karatasi zilizokatwa na kugundishwa) kama za kile kitabu cha watoto cha kiwavi mlafi, The Very Hungry Caterpillar. Anza na rangi, mkasi baadaye. Eric Carle, mwandishi na mchoraji wa kitabu hicho aliyekitoa mwaka 1969, alipaka rangi karatasi nyembamba kwanza, zikishakauka ndipo akakata. Waache wapake kwa vidole, kwa kitana kibovu, hata kwa gunzi la muhindi. Ile mistari ndiyo itakuwa manyoya ya kiwavi. Gundi, pika uji mzito wa ngano (wakati wa masika hukawia kukauka, vumilia). Vipande vya vitenge omba kwa fundi cherehani, huku kwetu Temeke huvitupa tu. Na tafadhali, usiwachoree mfano. Wangu alimvalisha kiwavi viatu sita vya kitenge, picha hiyo nimeibandika ukutani mpaka leo.