Barua kwa mwanangu: Meru usiipande Pasaka, wala usiipande kwa siku tatu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaurudia asubuhi nimekaa barazani, Mlima Meru ukiwa wazi mbele yangu mpaka kileleni. Unasema wewe na wenzako watatu mnataka kupanda wikendi ya Pasaka, siku tatu, mizigo mjibebee wenyewe ili kupunguza gharama. Unaniuliza naonaje. Tena mwenzenu mmoja ameona picha ya ule ukingo wa juu na sasa hapati usingizi.

Naanza na ukingo, maana mengine yote yanautegemea huo.

Mkitoka kibanda cha Saddle, karibu mita 3,570, mtapanda gizani kama saa moja mpaka Rhino Point. Hapo njia inateremka kidogo, na watu hununa kwa sababu wametoka kuhangaika kupanda. Baada ya hapo ndipo mnashika ukingo wenyewe, na hamtauacha mpaka kileleni, Socialist Peak, mita 4,562. Mnatembea juu ya mdomo wa shimo la volkano. Kushoto kwenu ni genge linaloshuka hadi ndani ya kasoko, kulia ni mteremko wa majivu na kokoto. Kuna mahali njia ni pana, na kuna mahali inatosha mtu mmoja tu. Huko hakuna mti wala tone la maji. Upepo ukianza, mnajibanza nyuma ya jiwe, kama lipo.

Na njia ni hiyohiyo moja. Mlima mwingine mtu akizidiwa unamshika mkono mnateremka, na kila hatua inampeleka kwenye hewa nzito zaidi. Ukingo wa Meru hauko hivyo. Ukizidiwa pale Cobra Point, mahali pa ukingoni kabla ya kilele, lazima urudi ukingo mzima, na ile Rhino Point mliyoteremka usiku mtaipanda tena, safari hii miguu imechoka. Ndiyo maana nasema safari hii hupangwa kuanzia kurudi. Mkae chini, wanne nyote, kabla hata ya kununua soksi, mkubaliane saa ya kugeuka. Mimi nawapa saa mbili asubuhi. Mkiondoka Saddle saa saba usiku mnapaswa kuwa kileleni saa kumi na mbili au saa moja. Ikifika saa mbili hamjafika, mnageuka, hata kama kilele mnakiona na bendera mnaiona.

Nakwambia kwa nini. Mwaka wangu wa tatu kama msaidizi wa mwongozaji nilikuwa na mgeni aliyeamka tumbo likimsumbua, tukachelewa kuondoka. Saa mbili asubuhi tulikuwa Cobra Point. Nilimwona anayumba. Lakini alikuwa ameweka akiba miaka kwa ajili ya siku ile, akanishika bega akasema bado saa moja tu. Nikakubali. Tulifika saa nne. Tulipogeuka mawingu yalikuwa yanapanda kutoka kwenye kasoko kama maziwa yanayofura kwenye sufuria, na kabla ya Rhino Point ikaanza mvua ya mawe. Pale kuna miamba iliyolala mshazari, usiku tuliipita kwa dakika chache. Sasa barafu ilikuwa imetapakaa juu yake kama golori. Nilifungua skafu yangu, nikafunga ncha moja kwenye mkono wake na nyingine kwenye wangu, tukashuka kwa makalio, mguu mmoja, halafu mwingine. Alikuwa analia bila sauti. Kutoka kileleni hadi Saddle, safari ya saa tatu au nne, tulitumia saa saba. Nyumbani sikumsimulia mtu. Hata mama yako anaisikia leo, nikimsomea barua hii.

Kwa hiyo Pasaka hapana. Pasaka huangukia mwishoni mwa Machi au Aprili, na hiyo ni masika. Njia ya msituni inakuwa tope, juu ni ukungu, na radi ikipiga ukingoni kitu kirefu kuliko vyote ni wewe. Mkisikia ngurumo, hesabuni sekunde tangu mwanga: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikiwa chini ya sekunde thelathini, mko karibu mno, shukeni. Lakini ni heri msifike huko. Njooni Saba Saba au Nane Nane, muunganishe na siku zenu za likizo. Kipindi hicho ni kikavu. Baridi ndiyo kali zaidi, ila baridi ina dawa yake, nayo ni nguo. Tazama pia kalenda ya mwezi: ukingo ukiwa na mbalamwezi ni mlima mwingine kabisa.

Kuhusu siku tatu. Najua watu wengi hufanya hivyo. Wanafika kileleni alfajiri, na jioni yake wako geti la Momella, njia inakoanzia. Hesabu mwenyewe: geti liko karibu mita 1,500, kwa hiyo ni mita 3,000 za kushuka kwa siku moja baada ya usiku usiolala. Magoti yenu ya Dar es Salaam yatawalaumu wiki nzima, na mtu aliyechoka hivyo ndiye anayejikwaa. Chukueni siku nne. Siku ya kwanza mlale kibanda cha Miriakamba, mita 2,500 na kitu. Ya pili mpite Mgongo wa Tembo mpaka Saddle, mle, mpumzike, halafu jioni mpande Little Meru, mita 3,820, mrudi kulala chini. Msiiache hiyo. Ninyi mnatoka usawa wa bahari, na kule kileleni hewa ni pungufu kidogo ya asilimia 60 ya mliyoizoea. Little Meru ndiyo itakayowaambia nani anaumwa kichwa kabla ya kumpeleka ukingoni. Kichwa kidogo ni kawaida. Kichwa pamoja na kutapika, au mtu akipepesuka kama mlevi, huyo hapandi, anashuka. Siku ya tatu kilele na kurudi kulala Miriakamba, ya nne nyumbani.

Mizigo: naomba mchukue wapagazi, hata wawili kwa ninyi wanne. Nimebeba mizigo ya watu miaka mingi na siioni kazi hiyo kuwa aibu wala kuwatumia wapagazi kuwa uvivu. Mpagazi anabeba chakula na mabegi ya kulalia, ninyi mnafika Saddle mkiwa bado na nguvu, na nguvu hizo ndizo zitakazowavusha ukingo. Wapeni bahasha zao za bakshishi mkononi, kila mtu ya kwake. Askari wa hifadhi mwenye bunduki mtakuwa naye kwa lazima, kwa ajili ya nyati. Akisema simameni, simameni, picha itasubiri.

Kwa usiku wa kilele kila mtu awe na kibegi kidogo tu. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi sita. Arusha ikiwa nyuzi 14 usiku, kule juu ni chini ya sifuri hata kabla ya upepo. Maji lita mbili hadi tatu, kwenye chupa, si kwenye mfuko wa mpira wenye mrija wa kunyonyea. Ule mrija huganda ndani ya saa moja. Chupa igeuze kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu, na mdomo utabaki wazi. Tochi ya kichwa kila mtu na yake, betri za akiba ziwe mfuko wa ndani karibu na mwili. Baridi inaua betri.

Huyo mwenzako mwenye woga mwambie hivi: wakati wa kupanda hataona genge. Ataona duara la tochi na visigino vya aliye mbele yake. Kazi yake itakuwa asubuhi, wakati wa kurudi, jua limetoka nyuma ya Kilimanjaro na shimo lote limefunguka, na chini kabisa Ash Cone, kile kilima cha majivu, imekaa kama kichuguu. Amfuate mwongozaji moja kwa moja, asiwe wa mwisho, na macho yake yawe mita mbili mbele ya buti. Akitaka kutazama, asimame kwanza. Kutembea na kutazama kwa pamoja hapana.

Mama yako anasema mpitie hapa siku moja kabla, mlale nyumbani. Glovu zangu za sufu na zile fimbo mbili bado zipo, nimezitoa stoo nimezifuta. Buti zangu hazitakutosha. Nunua zako sasa hivi, uvae kila siku kwenda kazini mpaka miguu izisahau, na nitumie tarehe mkishakubaliana ili nizungumze mapema na mwongozaji ninayemwamini.

Baba yako