Kolajeni: maswali yenu kuhusu glisini, vitamini C na supu ya makongoro

Maswali ya kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, mifupa na fizi, yamekuja mengi, nimechagua haya matano. Karibu yote yanagusa kitu kimoja, lile tawi la pembeni la asidi amino (vile vijenzi vinavyoungana kuwa mnyororo wa protini, glisini ni kimojawapo), yaani kile kipande kinachofanya asidi amino moja iwe tofauti na nyingine, maana uti wa mnyororo wenyewe ni uleule.

Kwa nini kolajeni lazima iwe na glisini nyingi hivyo wakati glisini ndo ndogo kuliko zote?

Ni kwa sababu ya huo udogo. Kolajeni ni minyororo mitatu iliyosokotana kama kamba, kila mmoja unapinda kushoto alafu yote mitatu kwa pamoja inazunguka kulia, na pale katikati wanapokutana hakuna nafasi kabisa, tawi la glisini ni atomu moja tu ya haidrojeni kwa hiyo linaingia, mengine yote ni makubwa mno. Na kila asidi amino ya tatu lazima ipite hapo katikati, ndo maana mpangilio unajirudia glisini, kitu, kitu, glisini, kitu, kitu, karibu mara mia tatu na zaidi kwenye kolajeni ya aina ya kwanza. Ramachandran na Kartha kule Madras, India, miaka ya 1954 na 1955, walizingatia sana kwamba theluthi moja ya kolajeni ni glisini, na umbo la minyororo mitatu likapatikana.

Mtoto wa dada yangu mifupa inavunjika ovyo, daktari kasema ni herufi moja tu ya jeni imebadilika. Herufi moja inawezaje?

Pole sana mama, na kwanza kabisa mwambie dada asijilaumu, mara nyingi badiliko hilo linatokea jipya kwa mtoto bila mzazi kuwa nalo. Kwenye ugonjwa huu wa osteojenesisi imperfekta kinachotokea mara nyingi ni glisini moja kutolewa na kuwekwa serini, au sisteini, au ajinini, au asidi ya aspati. Sasa hapo katikati pasipo na nafasi pameingia tawi kubwa, minyororo inajisokota kuanzia mwisho mmoja kwenda mwingine, ikifika hapo inachelewa, na kamba inatoka na udhaifu. Alafu kolajeni hii ina minyororo ya aina mbili, miwili inaitwa alfa moja na mmoja alfa mbili, kila aina ina jeni yake, kwa hiyo jeni moja ya alfa moja ikiharibika, ingawa nusu ya minyororo yake ni mizima, robo tatu ya kamba zote zinapata angalau mnyororo mmoja mbovu. Ukali unategemea kimeingia nini na kimeingia wapi: tawi kubwa lenye chaji ya umeme kama la aspati au ajinini kwa kawaida linaumiza kuliko serini, ndo maana wagonjwa wawili hawafanani.

Vitamini C inahusiana vipi na fizi kutoka damu?

Hili nalipenda. Nafasi mbili zinazobaki baada ya glisini zinakaliwa sana na prolini, asidi amino nyingine ambayo tawi lake limerudi na kujifunga kwenye uti wenyewe kama pete, kwa hiyo mnyororo unakuwa mkakamavu tangu mwanzo. Kisha seli inachukua prolini za nafasi ya tatu na kuziongezea oksijeni na haidrojeni, zinakuwa haidroksiprolini, na kimeng'enya (protini ya kuendesha mabadiliko ndani ya seli) kinachofanya kazi hiyo kinataka chuma, oksijeni na vitamini C. Nyongeza hiyo ndogo ina uzito wa ajabu: kolajeni isiyo na haidroksiprolini minyororo yake inaachana kwenye joto la nyuzi 24 hivi, yenye nayo inafika 39, na mwili wako una 37! Bila vitamini C unatengeneza kamba isiyoweza kusimama kwenye joto lako mwenyewe, fizi zinavuja, vidonda vya zamani vinafunguka, hicho ndicho kiseyeye alichokitibu James Lind kwa machungwa na malimau mwaka 1747 melini.

Zamani ilidhaniwa siri ni maji yanayoshikana na hiyo nyongeza. Mwaka 1998 kundi la Ronald Raines huko Marekani likaweka florini mahali pake, ambayo haishiki maji vizuri, na joto la kuachanisha kamba ndogo za majaribio likapanda kutoka nyuzi 69 hadi 91, yaani kinachofanya kazi zaidi ni jinsi tawi linavyokunja pete ya prolini ikae tayari kwa msokoto.

Poda ya kolajeni ina haidroksiprolini, si inaenda moja kwa moja kwenye ngozi?

Hapana kaka. DNA haina herufi za haidroksiprolini, seli inaweka prolini ya kawaida kwanza na kuibadilisha baadaye, kwa hiyo haidroksiprolini uliyokula haiwezi kupachikwa kwenye kolajeni mpya. Ukiniuliza mimi, kabla ya poda ya bei mbaya hakikisha unakula matunda.

Makongoro yakipoa yanaganda, mbona supu ya samaki haigandi hivyo? Na mbona ng'ombe mzee haivi?

Ukichemsha, ile minyororo mitatu inaachana na kuwa jelatini, ikipoa inajaribu kusokotana tena, ndo kuganda kwenyewe. Samaki wa bahari baridi kama kodi wana prolini na haidroksiprolini chache, kolajeni ya ngozi yao inaachana kwenye nyuzi 15 hivi, jelatini yake hata mezani haigandi. Sangara wa Ziwa Victoria anaishi maji ya uvuguvugu na yake inavumilia hadi karibu nyuzi 36. Ng'ombe mzee ni habari ya laisini, asidi amino nyingine: kimeng'enya chenye shaba kinabadilisha matawi yake, yanashikana kamba na kamba, na vifungo hivyo vinazidi kukomaa kadiri mnyama anavyozeeka, kwa hiyo moto wa saa mbili uliotosha kwa ndama kwake hautoshi.