Umeambiwa maua ya sakura yameshapukutika? Nenda hivyo hivyo

Mwaka wangu wa kwanza Tokyo nilipanga kwenda kutazama sakura, maua ya miti ya cheri ya Kijapani, tarehe 12 Aprili, kwa kuwa ndiyo siku niliyokuwa sina kipindi wala kibarua. Mwenzangu wa maabara akacheka: "Umechelewa, yameisha wiki iliyopita." Nikaenda kwa ukaidi tu, na tangu siku hiyo sijawahi kukimbilia kilele cha maua.

Sakura inayojaa kwenye picha zote ni aina moja, somei yoshino. Haipandwi kwa mbegu, inazalishwa kwa kubebesha, yaani kuunganisha kitawi chake kwenye shina la mti mwingine, kama miembe ya kisasa. Kwa hiyo miti yote ya aina hiyo ni kama mti mmoja uliogawanywa: inachanua pamoja, inapukutika pamoja. Tokyo kwa wastani maua ya kwanza yanafunguka 24 Machi na yanajaa mtini 31 Machi. Ikija mvua ya usiku mmoja na upepo wake, umebaki na matawi. Sasa mtu aliyekata tiketi ya ndege miezi sita kabla anacheza bahati nasibu, hata kama hajui.

Dawa yake ni kuchagua bustani yenye aina nyingi. Mimi naipenda Shinjuku Gyoen, hekta 58 katikati ya maghorofa, iliyokuwa bustani ya familia ya kifalme na kufunguliwa kwa umma mwaka 1949. Ina aina karibu 70 za sakura. Somei yoshino zikimaliza, zamu ni ya ichiyo, waridi hafifu, petali tele katika ua moja. Sogeza uso karibu: katikati ya ua utaona kitu cha kijani kama jani changa linalochungulia, na jina ichiyo maana yake ni "jani moja". Baada yake inakuja kanzan, waridi iliyokolea, mashada mazito mpaka matawi yanainama.

Na hizo zilizopukutika nazo zina raha yake. Siku ile bwawa la upande wa bustani ya Kijapani lilifunikwa petali hata maji huyaoni. Bata akakatiza, nyuma yake ukabaki mstari mweusi, kisha petali zikaja zikauziba taratibu. Wajapani huziita hanaikada, chelezo cha maua. Nilisimama pale nadhani nusu saa.

Mambo ya getini: mtu mzima analipa yeni 500, na begi linakaguliwa. Pombe hairuhusiwi, wala mpira, wala ala za muziki. Rafiki yangu alikuja na raketi za badminton, akazuiwa palepale. Ukitaka kelele na bia nenda bustani ya Ueno, kuingia ni bure, ila mimi hutanikuta. Siku za wikiendi zenye msongamano huenda ukatakiwa kuweka nafasi mapema, basi tazama tovuti ya bustani kabla hujatoka. Na usijifanye wa jioni. Wanafunga mapema, na mlango wa kuingilia unafungwa nusu saa kabla ya hapo.

Chakula nunua nje. Maduka makubwa ya Shinjuku yana vyakula ghorofa ya chini kabisa, utachanganyikiwa kuchagua. Chukua na sakuramochi, kitafunwa cha mchele chenye maharage mekundu ya sukari ndani, kimefungwa kwa jani la sakura lililolowekwa chumvi. Mimi nilibandua jani nikaliweka pembeni. Mama wa mkeka wa jirani akaniangalia, akachukua chake, akakitia mdomoni na jani lake, akatikisa kichwa kunihimiza. Kumbe! Ile chumvi ndiyo inayoukata utamu.

Mkeka wenyewe ni turubai jepesi, linauzwa maduka ya yeni 100. Viatu unavua kabla ya kukanyaga, hapo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa. Usitandike juu ya mizizi, usivute tawi ili upige picha, na taka zako urudi nazo nyumbani.

La mwisho ni baridi. Jua la Aprili linadanganya, na ardhi inapenya turubai ikakufikia mifupani. Mwenzetu mmoja wa Mombasa alikuja na kaptula. Saa nane mchana alikuwa amejifunga turubai lote, sisi tumekaa kwenye nyasi.