Ndege ya ushirika kwa njia ya Pemba: simamisheni michango kwanza

SWALI: Assalamu alaykum. Sisi ni ushirika wa wafanyabiashara na wakulima wa karafuu hapa Wete. Tumeletewa mchanganuo wa kununua ndege moja iliyotumika, Cessna Grand Caravan ya viti 12, ifanye safari tatu za kwenda na kurudi kila siku baina ya Chake Chake na Unguja. Kwa nauli ya shilingi 150,000 tunaambiwa zitaingia milioni 324 kwa mwezi. Dalali anasema injini ina saa 2,900 tu na haijawahi kufunguliwa. Mshauri wetu anasema masafa ni nusu saa, kwa hiyo gharama kubwa ni mafuta na mshahara wa rubani, na pakipelea tutaomba ruzuku Serikalini kama zinavyotolewa nchi nyengine. Tuendelee kuchangisha wanachama?
Mwenyekiti, Wete

JIBU: Wa alaykumu salaam, Mwenyekiti. Msiendelee. Kazi yangu ni hesabu za mashirika madogo ya ndege, na michanganuo ya namna hii naletewa kila mara: viti mara nauli mara siku 30, toa mafuta, toa mshahara, kinachobaki kinaitwa faida. Milioni 324 inataka kila kiti kijae, kila safari, mwezi mzima. Njia yenu mnaijua kuliko mimi. Kabla ya Idi ndege ya kutoka Unguja haina nafasi, na ikigeuza inarudi na watu wawili watatu. Siku ambazo bahari imetulia, boti ya Mkoani inawachukua abiria wenu kwa nauli ndogo zaidi. Hilo nalipita, kwani hata viti vyote vingejaa, hesabu bado ni mbovu.

Kinachonikera ni hii imani kwamba safari fupi ni safari ya gharama ndogo. Imeenea mno, na wanaoieneza wanajiita washauri. Ndege huchakaa zaidi pale inapowashwa, inapopaa na inapotua. Diski zinazozunguka ndani ya injini zina ukomo unaohesabiwa kwa idadi ya safari, na ukomo ukifika hutupwa hata kama zinang'aa. Ndege inayokwenda saa mbili bila kutua imetumia safari moja. Yenu, kwa saa hizo hizo mbili, itakuwa imetumia nne, na matairi na breki vilevile. Ada za kutua nazo hulipwa kila inapogusa ardhi. Mafuta pia: Caravan ikiruka chini, kama inavyolazimika kwa safari ya nusu saa, hunywa karibu lita 200 kwa saa, na hapo ndipo inapokunywa zaidi. Rubani naye muda wake wa kazi huisha akisubiri abiria wapande na washuke, na muda huo sheria inauhesabu.

Sasa hiyo injini. Caravan ya namna hiyo kwa kawaida ina injini ya PT6A-114A. Utaratibu wa mtengenezaji ni kwamba sehemu ya moto, yaani pale mafuta yanapochomwa, inafunguliwa na kukaguliwa inapofika saa 1,800, na injini nzima inafanyiwa ukarabati mkubwa inapofika saa 3,600. Dalali anajisifu kwamba injini ya saa 2,900 haijawahi kufunguliwa. Mimi nikisikia hivyo nauliza kwa nini ilipitishwa saa 1,800 bila kukaguliwa. Wapo waendeshaji wanaoruhusiwa kwenda kwa utaratibu mwengine, wakirekodi joto na nguvu ya injini kila siku na kufuatilia mwenendo wake. Ruhusa hiyo imeshikana na mwendeshaji na kumbukumbu zake. Nyinyi mkinunua chuma bila kumbukumbu, haiji pamoja nacho.

Chukueni mpango wenu wenyewe. Safari sita za nusu saa ni saa tatu kwa siku, saa 90 kwa mwezi. Injini imebakisha saa 700, yaani haifiki miezi minane. Baada ya hapo mnatakiwa mamia ya maelfu ya dola za Kimarekani kwa ukarabati, na ndege imelala bandani wakati mshahara, bima na mkopo vinaendelea. Kununua injini hiyo kwa bei ya nzima ni sawa na kununua shamba la karafuu wiki moja baada ya kuchumwa. Mhasibu anayejua kazi hutenga fedha ya injini kila saa inayorushwa, tangu siku ya kwanza, na haiguswi kwa jambo jengine. Katika mchanganuo wenu mstari huo haupo.

Haupo pia mstari wa chumvi. Njia yote hiyo ni bahari. Jioni baada ya safari ya mwisho, ili kuiosha chumvi, fundi huingiza maji safi kwenye mdomo wa injini, mwenzake ndani anaizungusha kwa stata bila kuwasha moto, maji yanapita kwenye mapanga madogo ya kompresa, yaani sehemu inayokandamiza hewa, na kutoka kwenye ekzosi. Kisha injini huwashwa ili ikauke. Anayeona kazi hiyo inaweza kungoja mpaka Ijumaa ataikuta chumvi imeshaanza kula mapanga.

Kuhusu ruzuku, mshauri wenu amesikia nusu ya habari. Marekani ina mpango wa aina hiyo tangu 1978, soko la ndege lilipofunguliwa na ikaogopwa kwamba miji midogo ingeachwa. Serikali inatangaza njia, mashirika yanaomba, mikataba kwa kawaida ni ya miaka miwili. Fedha inaziba pengo baina ya gharama na mapato yanayokadiriwa, pamoja na faida ndogo ya asilimia 5 ya gharama. Na hulipwa kwa safari iliyokamilika. Ndege isiporuka, hailipwi. Mwenye ndege moja, siku ikiingia bandani, anapoteza nauli na ruzuku kwa pamoja.

Wala ruzuku haileti rubani. Great Lakes Airlines ya Wyoming ilikuwa imejengeka juu ya njia hizo za ruzuku. Mwaka 2013 Marekani ilipopandisha kiwango cha uzoefu wa marubani hadi saa 1,500 za kuruka, kampuni ikakosa watu. Ikang'oa viti kwenye ndege zake za Beechcraft 1900D, kutoka 19 hadi 9, ili ziingie chini ya kanuni nyepesi zaidi. Machi 2018 ikasimamisha safari zake. Kule Scotland, safari baina ya visiwa vya Westray na Papa Westray ni ya dakika mbili kwenye ratiba, nayo inalipiwa ruzuku. Wenzetu wamekubali kwamba njia fupi kuliko zote haijilipi. Mshauri wenu anawaambia kinyume chake.

Nawajibu nyinyi, lakini nawaambia pia wengine wa Unguja, Pemba na Mafia wanaopelekewa karatasi hizi. Hamu ya njia ya anga naijua inatoka wapi. Meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na Skagit Julai 2012 ikija Unguja kutoka Dar es Salaam. Watu waliozika jamaa zao wana haki ya kutaka njia nyengine ya kusafiri, na mtu anayeichukua haki hiyo akaigeuza fomu ya kuchangisha hisa simwonei huruma. Kabla ya kurusha abiria hata mmoja unatakiwa cheti kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, pamoja na wakuu wa urukaji, matengenezo na usalama wenye sifa zinazokubalika. Watu hao utawalipa uwe na ndege moja au tano. Ndiyo maana wanaohimili njia ya Pemba ni wale ambao ndege ileile mchana inabeba watalii kwenda kwengine.

Kama shida yenu ni nafasi za uhakika kwa wagonjwa wanaokwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na kwa wafanyabiashara wenu, kaeni na kampuni inayoruka tayari mnunue viti kwa jumla kwa siku maalumu, kwa mkataba wa maandishi. Mtapata bei nafuu, na injini ikifa ni shida yao.

Ikiwa wanachama bado wanashikilia ndege, mwiteni dalali na fundi mwenye leseni mtakayemlipa nyinyi. Atake daftari la injini lenye saa na idadi ya safari, kumbukumbu za diski, za propela, na za kila ukaguzi uliofanywa au kurukwa. Dalali akisema daftari liko kwa mwenye ndege na litaletwa baada ya malipo ya awali, mazungumzo yaishie hapo na wanachama warudishiwe fedha zao.