Mfarishi Uliolala Mfukoni: Maswali na Majibu

Safari hii maswali mengi mliyonitumia yanahusu mifarishi iliyoanzwa ikaachwa njiani. Kwa asiyelizoea neno, mfarishi ni mtandiko wa matabaka matatu: uso uliounganishwa vipande, pamba katikati, bitana chini. Kudarizi ndiko kuipitisha sindano katika matabaka yote ili yashikane. Wengi wenu uso mmeumaliza kwa furaha, mkafika kwenye kudarizi mkasimama kwa kutojua mchore nini.

Shangazi, nina mifarishi mitatu ndani ya mfuko wa plastiki tangu nilipojifungua mtoto wa pili, na sasa yuko gredi ya tatu. Nianze na upi? (Mama, Likoni)

Mwanangu, kabla ya kuchagua, itoe yote leo uikunjue. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na mfuko wa plastiki hauachi kitambaa kipumue, kwa hiyo tafuta ukungu kwenye mikunjo. Kama uliishikiza kwa pini, zing'oe zote sasa hivi. Pini zinashika kutu upesi hapa pwani, na kutu huacha doa. Kwenye kitambaa cheupe paka ndimu na chumvi, anika juani, kisha suuza. Cha rangi kijaribu kwanza pembeni, maana ndimu hufifisha rangi. Pini zikishatoka, piga bandi kwa uzi, yaani mishono mirefu ya muda, mistari iachane kama sentimita 10. Bandi inaweza kukaa mwaka mzima bila kudhuru.

Sasa upi wa kwanza? Ule ambao kuna mtu anausubiri. Najua wengine watakwambia uanze na uliobakisha kazi ndogo, lakini mimi nimeona mikono hukimbia zaidi inapojua inamfanyia nani. Na kama katika hiyo mitatu upo ambao ukiutazama huutaki tena, mpe jirani anayejifunza. Si lazima umalize kila ulichoanza ukiwa na miaka ishirini na tano.

Asalaam aleikum. Marehemu mama aliniachia leso sita, moja kisutu chake cha harusi. Nimeziunganisha, nimetia pamba na bitana, lakini mwaka mzima naogopa kuanza kudarizi. Nichague mchoro gani, na maandishi niyafanyeje? (Binti, Kibokoni)

Waaleikum salaam, binti yangu. Mola amrehemu mama. Hofu yako naielewa kabisa, na nitakujibu kwa urefu.

Huna haja ya kutafuta mchoro mbali. Leso imekuja na ramani yake: pindo kuzunguka, mji katikati, na jina chini ya mji. Kila sehemu itakwambia inataka nini.

Anza na kisutu. Kile kimejaa alama ndogondogo za nyekundu, nyeusi na nyeupe, na ukikichorea maua hayataonekana hata ukitumia mwezi mzima. Piga mistari ya mshazari inayokatana, iachane sentimita 5, itoke kama msuko wa mkeka. Mistari hiyo itashika pamba vizuri na haitashindana na kitambaa.

Kwenye leso yenye korosho, fuata ukingo wa korosho yenyewe, kisha zungusha mstari mwingine nje yake kwa umbali wa sentimita moja, na mwingine, mpaka ukutane na mistari ya korosho ya jirani. Huu ni mchoro wa subira, lakini ni rahisi kwa sababu huchori kitu, unafuata tu.

Sehemu za mji zilizo na rangi tupu ndizo za kuchorea, kwani hapo mshono unaonekana. Wewe uko Kibokoni, basi toka jioni ukatazame milango ya Mji wa Kale. Kwenye fremu utaona mnyororo uliochongwa kuzunguka, na juu, kwenye kizingiti, mara nyingi kuna ua la duara. Mnyororo unalikaa pindo kana kwamba lilikuwa likiungoja. Chukua karatasi ngumu, kata kiolezo cha pete moja tu, ukisogeze pete kwa pete. Chora kwa chaki ya fundi au kipande cha sabuni kikavu kilichokonda. Kalamu ya wino usiiguse.

Kuhusu jina, msimamo wangu ni kwamba sindano isikate herufi. Hayo ni maneno mama aliyachagua dukani alipokuwa hai. Piga mstari mmoja juu yake na mwingine chini, karibu kabisa, maandishi yainuke kidogo katikati. Pakiti ya pamba kwa kawaida huandikwa mishono isiachane zaidi ya kiasi gani. Nafasi ikizidi hapo, pitisha mshono mfupi kati ya neno na neno.

Jambo la mwisho: lowesha kitambaa cheupe ukisugue juu ya kila leso yenye nyekundu. Leso iliyofuliwa miaka mingi haina tabu, ila kama mojawapo haikuwahi kuvaliwa inaweza kuchuja ikaharibu bitana. Ikichuja, ifumue hiyo moja, iloweke maji baridi mpaka maji yabaki meupe, ianike ikauke, ndipo uirudishe. Kisha anzia katikati ya mfarishi ukielekea nje, ukisukuma ulegevu kuelekea kingoni.

Nashona kwa cherahani. Juu ni pazuri, nikigeuza bitana imekunjamana. (Kijana fundi, Changamwe)

Meno ya cherahani huvuta tabaka la chini, na mguu unalizuia la juu. Matabaka matatu hayawezi kwenda mwendo mmoja kwa hali hiyo. Tandaza bitana sakafuni upande wa ndani ukiangalia juu, ivute inyooke bila kuitanua, ibandike kingo kwa gundi ya utepe, ndipo ulaze pamba na uso juu yake na kupiga bandi. Ongeza urefu wa mshono ufike milimita 3, punguza mkandamizo wa mguu, na kila mstari uanzie katikati. Upo pia mguu wenye meno yake unaosogeza tabaka la juu sambamba na la chini. Kwa mistari iliyonyooka unasaidia sana, uulize kwa wauza vipuri vya cherahani. Fumua pale palipokunjamana tu, usibomoe kazi nzima.

Naweza kujaza sufi badala ya pamba? (Msomaji, Mtwapa)

Hapana. Sufi ni ya mito. Ndani ya mfarishi hukimbilia pembeni, na ukifua inashikana mabonge. Blanketi jembamba la mtumba kutoka Kongowea litakufaa zaidi, lifue kwanza.

Kwa joto hili la Mombasa, nani atajifunika mfarishi? Naona nimepoteza nguvu zangu. (Mama, Bamburi)

Hukupoteza, dada. Toa pamba. Huko Bengal wana kantha: sari kuukuu hupangwa moja juu ya nyingine na kudariziwa kwa mshono wa kawaida wa kuchomoa na kuchomeka, bila kujazwa chochote. Na Wasidi wa Karnataka, India, ambao wazee wao walivushwa kutoka Afrika, hushona mfarishi uitwao kawandi. Huanzia pembeni, wakazunguka kuingia ndani huku wakiongeza vipande, mpaka wamalizikie katikati. Kwenye kona huweka vipande vilivyokunjwa, wanaviita phula, yaani maua. Kila ninapouona mfarishi wa namna hiyo huwa nawaza hao mabibi waliovuka bahari hii hii yetu.

Kwa hiyo uso wako udarizi na shuka kuukuu la pamba kama bitana, mistari ya mawimbi iachane upana wa vidole viwili. Utapata mtandiko mwepesi, unaokauka kwa asubuhi moja hata msimu wa kusi. Na mishono ikitoka haifanani urefu, iache. Mwaka 2002 mifarishi ya wanawake wa Gee's Bend, Alabama, iliyoshonwa kwa nguo kuukuu za kazi, ilitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Houston, na mistari yake mingi haikunyooka.

Nimemaliza kudarizi, nimebakisha kuzungusha ukanda wa pindo. Nikate urefu gani? (Bibi, Kisauni)

Hongera, bibi, shikamoo. Jumlisha pande zote nne, uongeze sentimita 30. Mfarishi wa 150 kwa 200 una mzunguko wa sentimita 700, hivyo unahitaji 730. Kwenye kitambaa chenye upana wa 110, kata mikanda 7 ya upana wa sentimita 6, uiunge kwa mshazari ili maungio yasirundikane. Kunja ukanda katikati kwa urefu wake, shona kwa cherahani upande wa uso, kisha ugeuze na kuulaza nyuma kwa mkono. Ukifika kona, simama kabla ya ukingo kwa upana wa mshono wako, inua ukanda juu, ushushe, uendelee. Vaa subana, matabaka ya hapo ni mazito.