Maswali kwa fundi: tofali bila tanuri

Shikamoo fundi. Kijijini kwetu Sikonge, Tabora, tunataka kuinua boma la madarasa mawili. Wazee wanataka matofali ya kuchoma, vijana ya kufungamana. Tumsikilize nani?

Marahaba. Safari hii wasikilizeni vijana. Tanuri linakula misitu ya miombo, na mabani ya kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni yameshaila ya kutosha. Tofali la kufungamana ni udongo, saruji kidogo na mashine ya kushindilia. Ulizieni NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora. Udongo wa kichuguu peke yake unanata mno, tofali hupasuka likikauka, kwa hiyo changanyeni na mchanga. Kisha finyanga donge, liachie kutoka usawa wa kifua lianguke penye ardhi ngumu. Likitawanyika kama unga, ongeza maji. Likibonyea kama ugali, yamezidi. Likivunjika vipande vinne vitano, piga tofali. Yawekeni kivulini, mfunike kwa turubai, mmwagilie asubuhi na jioni si chini ya siku 7, kisha yakae hadi 28. Mimi niliwahi kujengea tofali la siku 4 kwa sababu mwenyekiti alitaka boma lionekane kabla mgeni hajafika. Kona zilimeguka kama andazi la jana.

Darasa letu hapa Kasulu saa sita ni tanuri, na mvua ikipiga bati sisikiki.

Pole mwalimu. Mwaka 2001 msanifu majengo Francis Kéré alijenga shule kijijini kwao Gando, Burkina Faso, kwenye joto kali kuliko lenu. Kuta ni za tofali la udongo na saruji, dari ina matundu, na bati limeinuliwa juu yake kwa fremu ya nondo, hewa ya moto ikapata pa kutokea. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo. Ninyi anzeni na dari, hata ya matete, kelele itapungua. Acheni matundu ya hewa chini ya kenchi. Darasa jipya lilazwe mashariki-magharibi, madirisha yawe kaskazini na kusini.

Sisi wa Sikonge tena: paa litatupa maji ya kutosha?

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita 8 kwa 20, mvua ya milimita 20, ni lita 3,200, punguza za kumwagika. Simtanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua mbili, ila kiangazi cha Tabora halikivuki. Na kiangazi ndipo mnapofyatua matofali! Fungeni gata kwenye nyumba ya mwalimu msimu huu wa mvua mpate maji ya matofali, mjenge kiangazi kikija.

Matundu ya choo mangapi?

Tundu 1 kwa wasichana 20, na tundu 1 kwa wavulana 25. Komeo liwe ndani.

Mhandisi wa halmashauri ni lazima?

Ndiyo, na kabla ya kuchimba msingi. Akija mpeni lile donge alidondoshe mwenyewe.